Sauti Iliyo Kati ya Vyuma Viwili

Ukisema hapa Amu kwamba unajifunza jazi, jibu ni lile lile: hayo ni mambo ya Wamarekani, bana. Mimi najifunza vibrafoni kwa kutumia kinanda cha umeme kinachoiga sauti yake. Na kila nikisonga mbele naona kuwa nusu ya somo lilikuwa nyumbani tangu zamani.

Tuanze na chombo. Vibrafoni ilibuniwa Marekani miaka ya 1920. Ni vyuma vilivyopangwa kama funguo za piano, na mota inazungusha visahani chini yake ili sauti iwe na mtetemo. Mwaka 1930 Lionel Hampton aliipiga studio akiwa na Louis Armstrong. Ni ndugu ya marimba, na marimba ni neno la Kibantu. Ugeni wake basi si wa mbali hivyo.

Sasa tuje kwa Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu mwaka 1939 na kujijengea jina Mombasa. Msikilize akishika udi. Kabla ya beti, mpigaji hupiga taksimu: anaichagua maqamu, anaizunguka polepole, anapanda, anarudi kutua, bila chochote kuandikwa. Hebu niambie, hiyo na kubuni kwa jazi zina tofauti gani?

Tofauti ipo, na ni kubwa. Jazi husimama juu ya kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja (si kodi ya nyumba). Taksimu hutembea na sauti moja. Tena shingo ya udi haina vigawio, kwa hiyo kidole kinafika popote. Sauti ya tatu ya maqamu ya Rast hukaa kati ya funguo mbili za piano. Kwenye vibrafoni haipo kabisa.

Aliyekabiliana na mvutano wa aina hii ni jirani yetu wa kaskazini, Mulatu Astatke, aliyezaliwa Jimma, Ethiopia, mwaka 1943. Alisoma Uingereza, kisha Berklee, Boston. Nyimbo za kwao zinatumia ngazi za sauti tano. Akaziwekea kodi za jazi huku akichunga zisimezwe. Mwaka 1973 Duke Ellington alipofika Addis Ababa, Mulatu alipiga naye.

Kwa njia hiyo nami najaribu Hijazi. Ukianzia D, unapata D, E iliyoshushwa nusu, F iliyopandishwa nusu, G, A, B iliyoshushwa nusu na C. Chini yake weka kodi ya D saba, kisha tua kwenye G ndogo. Inakaa sawa, na mzee yeyote aliyezoea taarabu ataitambua. Rast ndiyo haikubali.

Hapo ndipo pana hofu yangu. Vinanda vimeenea harusini, na kinanda cha kawaida kina funguo zile zile kumi na mbili. Kizazi kikikua nazo tu, sikio litaiona ile sauti ya katikati kuwa ni kosa. Chombo hakitailinda, itabaki kwa anayeweza kuiimba. Kwa hiyo kabla ya kugusa kodi yoyote, mimi huiimba Rast kwanza, kwa mdomo, mpaka koo liizoee.