Kenya na Watoto wa Nje ya Ndoa, 1959–2025

Zamani, katika jamii nyingi za Kenya, msichana akipata mimba kabla ya kuolewa wazee walikaa kikao, mwanamume akatozwa faini, na faini ikaenda kwa baba wa msichana. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilileta sheria iliyogeuza utaratibu huo: mama mwenyewe aliweza kwenda kortini, akathibitisha nani baba, na hakimu akaamuru matunzo ya kila mwezi. Fedha sasa zilipitia mkononi mwa mama.

Jambo hilo liliwaudhi wanaume wengi. Baada ya uhuru wabunge walilalamika kwamba sheria hiyo ni ya kigeni, kwamba inawafundisha wasichana uhuni na kuwageuza wanaume kitega uchumi. Shirika la Maendeleo ya Wanawake liliitetea, lakini mwaka 1969 Bunge liliifuta. Bunge hilo halikuwa na mwanamke hata mmoja; Grace Onyango, mbunge wa kwanza mwanamke, alichaguliwa Desemba mwaka huohuo, mambo yakiwa yamekwisha. Naliona tendo hilo kuwa dhuluma. Kama kweli wapo waliotumia sheria vibaya, ingerekebishwa. Watoto hawakuwa na kosa.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, ilimpa nafuu mtoto aliyetambuliwa na baba yake. Asiyetambuliwa alibaki vilevile. Hata Sheria ya Watoto ya 2001, iliyosifiwa sana, ilimtwika mama jukumu la malezi kwanza iwapo wazazi hawakuoana, na baba akaachiwa mlango wa kuingia kwa hiari yake, kwa makubaliano au kwa kuomba kortini.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyovunja ukuta. Kifungu cha 53 kinasema mama na baba wana wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitumia msingi huo kukataa kanuni ya usajili iliyozuia jina la baba asiye na ndoa kuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa bila ridhaa yake.

Kesi nzito zaidi ilitoka Mombasa. Mwislamu alifariki akiacha watoto ambao ndoa ya wazazi wao ilibishaniwa, na hoja ikawa kama wanaweza kumrithi, maana kwa fiqhi (sheria ya Kiislamu) inayofuatwa pwani mtoto wa nje ya ndoa hurithi upande wa mama tu. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwanyima urithi kwa sababu ya hali ya ndoa ya wazazi ni ubaguzi. Masheikh wengi waliupinga uamuzi huo, wakisema Katiba yenyewe inalinda sheria ya Kiislamu katika mirathi mbele ya kadhi. Hoja yao ina uzito na inastahili kusikilizwa kwa heshima. Hata hivyo, mimi nipo upande wa watoto wale.