Intaneti ndani ya treni: kwa nini hukatika na namna ya kuipata kwa uhakika

Msafiri wa treni ana kiti, meza na muda wa kutosha, lakini mara nyingi hukosa mtandao usiokatika. Kwa mwanafunzi anayetakiwa kuwasilisha kazi kabla ya saa ya mwisho, au mfanyabiashara anayesubiri hati ya malipo, dakika kumi bila mawasiliano zina gharama yake. Ujerumani, ambako treni za ICE hufikia kasi ya kilomita 300 kwa saa, ni mfano mzuri wa tatizo hili na wa jitihada za kulitatua.

Kiini cha tatizo

Kikwazo cha kwanza ni behewa lenyewe. Mwili wake ni wa metali, na vioo vya madirisha hupakwa utando mwembamba wa metali ili kupunguza joto la jua. Utando huo huzuia pia mawimbi ya simu: nguvu inayopenya yaweza kushuka hadi sehemu moja ya mia, au hata moja ya elfu, ya ile iliyopo nje.

Kikwazo cha pili ni mwendo. Kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa, treni hupita takriban mita 83 kila sekunde. Iwapo minara ya simu imeachana kwa kilomita 5, simu hulazimika kuhama mnara kila baada ya dakika moja hivi, na simu za mamia ya abiria huhama kwa pamoja. Mnara wa kijijini, uliojengwa kwa ajili ya wakazi wachache, huelemewa ghafla.

Kipo pia kikwazo kisichoonekana. Reli za Ulaya hutumia mfumo wao wa redio, GSM-R, ambao masafa yake yanapakana na yale ya simu za umma. Minara yenye nguvu karibu na njia ya reli iliweza kuvuruga redio za zamani za madereva, jambo linalogusa usalama wa safari. Serikali ya Ujerumani ilitoa fedha ili redio hizo ziimarishwe, kwani bila hatua hiyo minara kadhaa isingeweza kuwashwa kwa nguvu kamili.

Hatua zilizochukuliwa

Shirika la reli la Deutsche Bahn lilianza kutoa intaneti isiyotumia waya mwaka 2005, kati ya Dortmund na Köln. Tangu Januari 2017 huduma hiyo ni ya bure hata kwa abiria wa daraja la pili katika treni za ICE. Antena za juu ya paa hupokea mawimbi ya kampuni kadhaa za simu kwa wakati mmoja, na kifaa kilichomo ndani huyaunganisha na kuyagawa kwa abiria. Kampuni moja ikipotea, nyingine huziba pengo.

Katika treni mpya za ICE 3neo, zilizoanza kazi Desemba 2022, vioo vimetengenezwa kwa namna inayoruhusu mawimbi kupita. Masharti ya mnada wa masafa wa mwaka 2019 nayo yaliyataka makampuni ya simu kufikisha kasi ya megabiti 100 kwa sekunde kwenye njia zenye abiria zaidi ya 2,000 kwa siku, kufikia mwisho wa mwaka 2022.

Setilaiti ni njia nyingine. Treni za Thalys zilianza kuitumia mwaka 2008, lakini setilaiti za umbali wa kilomita 36,000 huchelewesha ujumbe kwa takriban nusu sekunde. Setilaiti za Starlink, zilizo umbali wa kilomita 550 hivi, zimepunguza ucheleweshaji huo, na mwaka 2023 kampuni ya Brightline ya Florida ilianza kuzitumia. Hata hivyo, setilaiti haifiki ndani ya handaki. Huko hutegemewa nyaya maalumu zinazotoa mawimbi kwa urefu wake wote.

Mambo ya kuzingatia

• Pakua hati, ramani na tiketi kabla ya kuondoka. Hii ndiyo kinga iliyo bora kuliko zote.

• Linganisha mtandao wa treni na ule wa simu yako. Katika behewa lenye vioo vya zamani, antena ya paa kwa kawaida hushinda. Treni ikijaa, huenda laini yako ikawa na nafasi zaidi.

• Zima masasisho ya programu na uhifadhi wa picha unaojiendesha wenyewe.

• Tumia barua pepe na ujumbe wa maandishi, unaoweza kusubiri mawimbi yarudi. Mazungumzo ya video huvunjika kwanza.

• Kazi kubwa itume treni ikiwa imesimama stesheni ya mjini, ambako minara iko karibu.

• Filamu na magazeti yaliyohifadhiwa katika tarakilishi ya treni yenyewe husomeka hata mtandao wa nje ukikatika.

Kanuni hizi zinafaa pia Afrika Mashariki. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyozinduliwa mwaka 2024, hufikia kilomita 160 kwa saa, na ile ya Nairobi na Mombasa, ya mwaka 2017, hukatiza nyika za Tsavo zenye wakazi wachache. Minara ya simu hufuata makazi ya watu, wala si njia ya reli. Kwa sababu hiyo, jambo lisilokubali kuchelewa ni vyema likamilishwe kabla ya treni kuuacha mji.