Pompa ya Ferguson na Mafuta Yanayohama

Mwenye trakta ya zamani huvuta kijiti cha kupimia mafuta ya motere, akashangaa. Mafuta hayakupungua, bali yameongezeka, wala hakuna mtu aliyeyamimina. Wengine hufurahi, wakidhani motere yao imeacha kula mafuta. Kumbe ni alama ya ugonjwa. Na ugonjwa huo una historia yake, ambayo twaweza kuifuata mpaka mbele ya waamuzi wa Marekani.

Harry Ferguson alizaliwa mwaka wa 1884 katika shamba la baba yake karibu na Dromore, kaskazini ya Ayalandi. Tangu ujana alipenda mashini kuliko jembe. Siku ya mwisho ya mwaka 1909 aliruka kwa ndege aliyoitengeneza mwenyewe, na katika nchi ile hakuna aliyemtangulia kufanya hivyo. Wakati wa vita kuu ya kwanza, mwaka wa 1917, wakubwa wa serikali walimwomba aangalie kazi ya trakta mashambani, kwa maana chakula kilikuwa haba. Ndipo alipoona hatari kubwa. Siku zile trakta ilikokota plau nyuma yake kama ng'ombe anavyokokota gari. Plau ikikwama katika jiwe au mzizi, magurudumu ya nyuma yalizidi kusukuma, pua ya trakta ikainuka juu, na chombo chote kikamwangukia dereva mgongoni. Wengi walikufa hivyo.

Ferguson akawaza kwamba plau na trakta ziwe kitu kimoja. Akaziunganisha kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu. Mikono ya chini huinuliwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pompa. Plau ikikuta udongo mgumu, ule mkono wa juu unasukumwa mbele na kuifungulia pompa njia, nayo plau inapanda kidogo yenyewe, kisha inashuka tena. Tena uzito wa plau na wa udongo unakandamiza magurudumu ya nyuma, hata trakta ndogo iweze kulima kama kubwa. Mwaka wa 1926 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Mwaka wa 1936 trakta zake zilianza kutengenezwa Huddersfield, Uingereza, katika kiwanda cha David Brown.

Mwaka wa 1938 alivuka bahari na trakta moja, akamwonyesha Henry Ford mzee. Wote wawili walikuwa wana wa wakulima, wakaelewana upesi. Hawakuandika karatasi yoyote, walipeana mikono tu. Mwezi wa sita mwaka 1939 trakta yao, iliyoitwa 9N, ikatoka kwa bei ya dola 585. Msomaji ashike jambo moja: pompa ya trakta ile ilikaa nyuma, ndani ya tumbo la trakta, ikioga katika mafuta yale yale yanayolainisha magurudumu ya meno. Kati yake na motere kuna nafasi kavu ya ambreyaje. Mafuta ya pompa hayakuwa na njia ya kufika katika motere.

Mapatano ya mikono hudumu maadamu wenye mikono hiyo wapo. Mzee Ford akadhoofika, na mjukuu wake Henry Ford II akashika usukani. Huyu aliona kampuni inapata hasara katika kazi ya trakta, akamjulisha Ferguson kwamba urafiki wa biashara umekwisha. Mwaka wa 1947 akatoa trakta nyingine, 8N, yenye ile mikono mitatu na ile pompa ya nyuma, bila ya Ferguson. Ziliuzwa zaidi ya 500,000. Twafahamu kwamba mfanyabiashara haezi kuuza kwa hasara siku zote. Lakini kuachana na mtu ni neno moja, na kubaki na mali yake ni neno lingine.

Mwaka wa 1948 Ferguson akashitaki, akidai dola milioni 251. Kesi ilidumu zaidi ya miaka minne. Mwezi wa nne mwaka 1952 wakapatana: Ford walipe dola 9,250,000, tena kufika mwisho wa mwaka ule waache kutengeneza pompa ya namna ile.

Basi mafundi wa Ford walipaswa kutafuta mahali pengine pa kuweka pompa. Trakta yao ya mwaka 1953, iitwayo NAA, ilibeba pompa ubavuni mwa motere, ikizungushwa na magurudumu ya meno ya motere yenyewe. Tusiseme walipoteza tu. Katika 8N dereva akikanyaga ambreyaje pompa inasimama, plau haiinuki tena; katika NAA pompa inafanya kazi maadamu motere inawaka. Wakulima walilipenda jambo hilo, na viwanda vingine navyo viliweka pompa kwenye motere. Lakini tangu hapo mafuta ya pompa na mafuta ya motere yamekuwa majirani, na ukuta kati yao ni pete nyembamba ya mpira inayokumbatia mti wa pompa. Pete hiyo ikikauka au ikilika kwa uzee, mafuta ya kuinulia plau yanaingia katika motere. Hata Fordson Dexta, iliyotengenezwa Uingereza tangu 1957 hadi 1964, ina pompa kwenye motere, na ugonjwa huu waijua.

Fundi mwenye akili hafungui motere kwanza. Huuliza: pompa ya trakta hii iko wapi? Ikiwa ni ya nyuma, kama katika 9N, 8N, au ile Ferguson ya kijivu iliyotengenezwa Coventry toka 1946 hadi 1956, asiisingizie pompa. Atafute maji au mafuta ya kuwasha. Maji huyafanya mafuta yafanane na kahawa yenye maziwa, na tone moja juu ya chuma cha moto hulia. Esanse au mazutu huyafanya yawe mepesi, tena pua inatambua. Na ikiwa mafuta yanadondoka chini kwenye tundu la nyumba ya ambreyaje, hayo ni mambo mengine kabisa: ni pete ya nyuma ya motere, au ile ya mbele ya sanduku la magurudumu ya meno.

Lakini ikiwa pompa iko kwenye motere, na mafuta yaliyozidi hayanuki mazutu wala hayana weupe wa maji, hapo shaka inaielekea pompa. Trakta isimamishwe mahali pa usawa, ipoe, vijiti vyote viwili vipanguswe, na alama ziandikwe. Kisha ifanye kazi saa kadhaa, ikiinua na kushusha mzigo, ipoe tena mahali pale pale, ipimwe. Kiasi kilichopungua upande wa plau kikilingana na kilichoongezeka katika motere, na nje hakuna tone, hakuna haja ya kubishana. Pompa ishushwe. Pete ibadilishwe, lakini mti wake utazamwe pia: ukiwa na mfereji uliochimbwa na pete ya zamani, au ukicheza-cheza katika makao yake, pete mpya haitaishi hata msimu mmoja.

Wako wanaopunguza tu mafuta yaliyozidi na kuendelea kulima. Hiyo ni hatari. Mafuta yakijaa mno yanapigwa na mti mkubwa wa motere mpaka yanatoa povu, na povu halilainishi chuma. Motere ya mazutu yaweza hata kuyavuta na kuyachoma kama chakula chake, ikazidi kukimbia ingawa dereva amefunga mazutu. Hivyo pompa ikisha tengenezwa, mafuta yote ya motere yamwagwe pamoja na chujio lake, kwa maana yamechanganyika.

Ferguson mwenyewe aliungana na kampuni ya Massey-Harris mwaka wa 1953, kisha akaachana nayo. Trakta zake zilimfikisha Edmund Hillary kwenye ncha ya kusini ya dunia, juu ya barafu, mwezi wa kwanza mwaka 1958. Yeye alifariki mwezi wa kumi mwaka 1960. Katika trakta za kijivu pompa ilibaki nyuma, pale alipoiweka.