Tshibumba, muchoraji aliyeweka historia ya inchi kwenye magunia ya unga

Lubumbashi. – Mwishoni mwa mwaka wa 1973, kijana mumoja wa miaka 26 alipiga hodi kwenye nyumba ya mwalimu mugeni wa chuo kikuu cha Lubumbashi. Alikuwa amebeba picha alizochora yeye mwenyewe, na alikuwa anatafuta munuzi. Ndivyo wachoraji wengi wa muji walivyouza wakati ule. Hawakuwa na duka wala mutu wa kuwatangazia kazi. Walitembea kwa miguu, mulango kwa mulango, baa kwa baa, na siku ikiwa nzuri walirudi nyumbani na makuta ya kununua unga.

Kijana huyo aliitwa Tshibumba Kanda Matulu. Mwalimu alikuwa Johannes Fabian, muzaliwa wa Ujerumani, mutaalamu wa maisha ya watu na mila zao, ambaye alikuwa anasema Kiswahili cha Katanga. Tshibumba aliuza picha zake, lakini hakuishia hapo. Alieleza kama kuna kazi kubwa zaidi anayotaka kufanya: kuchora historia yote ya inchi, tangu wakati wa wakubwa wa zamani. Alijihesabu kuwa mwanahistoria, na rangi ndiyo ilikuwa kalamu yake.

Leo, zaidi ya miaka 50 kisha siku ile, kazi yake iko kwenye makumbusho ya Ulaya. Yeye mwenyewe alipotea kuanzia mwaka wa 1981, na hakuna kaburi lenye jina lake ambalo watu wa Lubumbashi wanaweza kuonyesha. Maisha yake yanafaa kusimuliwa, zaidi sana kwa jamaa zilizokimbia vita na kuacha kila kitu nyuma, sababu aliyoyachora ni mambo yaliyopata watu kama wao.

Mutoto wa muji wa shaba

Tshibumba alizaliwa mwaka wa 1947 huko Élisabethville, muji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Jamaa yake ilikuwa na asili ya Kasai, kama jamaa nyingi zilizoletwa na kazi ya Union Minière na ya reli. Alikuwa na miaka 13 wakati Kongo ilipata uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 tu kisha uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kama Katanga imejitenga. Mwezi wa Agosti, Albert Kalonji naye akatangaza Kasai ya Kusini. Mwaka uliofuata, Waluba wengi wa Élisabethville walikimbia nyumba zao na kujaa kwenye kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Mutoto wa asili ya Kasai katika muji huo hakuhitaji kitabu ili kujua maana ya kuhama.

Kuchora kulikuwa na mizizi katika jimbo hilo mbele hata azaliwe. Mwaka wa 1926, huko Bukama, mutumishi wa serikali ya Wabelgiji anayeitwa Georges Thiry aliona nyumba zilizopambwa kwa picha ukutani. Aliyezichora alikuwa Albert Lubaki. Thiry alimupa karatasi na rangi, na miaka michache kisha hapo kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels. Mwaka wa 1946, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana huko Élisabethville, iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Ndani yake walitoka Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga, waliochora samaki, ndege, nyoka na pori kwa namna iliyowapendeza sana Wazungu.

Tshibumba hakupita kwenye karakana hiyo. Alijifunza mwenyewe, na wanunuzi wengi wa wachoraji wenzake walikuwa watu weusi wa muji: wafanyakazi wa migodi, makarani, walimu, wenye baa.

Picha ya kuweka saloni

Kazi ilianza na gunia la unga. Muchoraji alikata kitambaa, akakivuta kwenye mbao, akakipaka rangi nyeupe kwanza ili rangi zingine zishike. Kisha akachora haraka, sababu picha moja haikuleta feza nyingi, na kesho yake tumbo lilikuwa linadai tena.

Wanunuzi walijua wanachotaka. Wengi walitaka mamba muntu, mwanamuke mwenye mukia wa samaki, anayetajirisha mutu na kumudai malipo makali. Wengine walitaka simba, ao kijiji cha zamani kando ya mutoni. Na kulikuwa picha moja iliyorudiwa na karibu wachoraji wote: Colonie Belge. Ndani yake mufungwa analala chini, suruali imeshushwa, askari mweusi mwenye kofia nyekundu anamupiga fimbo. Muzungu anasimama kando, kiko kinywani, anaangalia. Bendera ya Ubelgiji inapepea juu ya gereza, na wanawake waliokuja na chakula wanangojea.

Kwa nini mutu atoe mushahara wake kununua picha ya mababa wakipigwa, na kuitundika juu ya kiti cha wageni? Wakaaji wenyewe walikuwa na jibu la neno moja: ukumbusho. Picha nzuri ilikuwa ile inayokumbusha. Mugeni aliingia, akaangalia ukuta, akauliza, na muzee wa nyumba akaanza kusimulia. Watoto waliokaa chini walisikia mambo ambayo masomo hayakufundisha. Kwa hiyo ukuta wa saloni ulifanya kazi ambayo radio inafanya leo.

Picha 101

Tshibumba alijua kuchora vitu hivyo vyote na alivichora ili kuishi. Lakini alipopata mutu wa kununua na kusikiliza, alianza kazi yake kubwa. Mupaka mwisho wa 1974 alikuwa amekwisha kuchora picha 101, zilizopangwa moja kisha ingine kama kurasa za kitabu. Zinaanza na wakubwa wa zamani. Zinapita kwa Wareno waliofika kwenye kinywa cha muto Kongo, kwa Msiri wa Bunkeya aliyeuawa mwaka wa 1891, kwa utawala wa Wabelgiji, uhuru, vita vya kujitenga na Mobutu. Zile za mwisho zinaangalia siku zinazokuja.

Kila mara alileta picha kadhaa, akaziweka mbele, na akasimulia kila moja kwa Kiswahili mbele ya mashine ya kunasa sauti. Kisha Fabian akauliza maulizo, na yeye akajibu. Mahali pengine masimulizi yake hayapatani na vitabu vya historia. Aliyakusanya kwa wazee, masomoni, kwenye magazeti na radio, na aliyapima kwa akili yake mwenyewe. Aliyotaka kuonyesha ni namna gani mambo yalionekana kwa mutu aliyesimama chini, upande wa fimbo inapoangukia.

Mufano ni tarehe 9 Desemba 1941. Siku ile wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa kwenye mugomo juu ya mishahara walipigwa risasi na askari kwenye uwanja wa mupira huko Élisabethville. Makumi ya watu walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake. Kwa miaka mingi hapakuwa sanamu wala siku ya kuwakumbuka. Tshibumba aliwachora. Hakuwa amezaliwa wakati wa mauaji yale, lakini muji ulikuwa unayakumbuka, na yeye alisikiliza.

Kaburi la Lumumba

Kuliko mutu mwingine yeyote, Tshibumba alimuchora Patrice Lumumba. Alimuchora akihutubia siku ya uhuru, akikamatwa, akishushwa kwenye ndege huko Élisabethville, mikono imefungwa. Picha inayojulikana zaidi inaonyesha kifo chake pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Watu watatu wamelala chini, na nyuma yao, mbali, kunasimama misalaba mitatu. Damu inatoka kwenye mwili wa Lumumba, na damu ile inaandika neno moja kwenye udongo: unité, umoja.

Ili kuelewa uzito wa picha hiyo, inafaa kukumbuka mambo yalivyokuwa. Lumumba na wenzake waliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 huko Shilatembo, safari fupi tu kutoka muji ambamo Tshibumba alikuwa kijana. Miili yao iliharibiwa kwa asidi ili isionekane tena. Hapakuwa maziko wala kaburi. Mobutu alimutangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa mwaka wa 1966, lakini kusema wazi namna gani alikufa na nani alimutoa kulibaki jambo la hatari. Kitambaa cha gunia ndicho kilikuwa mahali ambapo mutu aliweza kuona alipoanguka. Jino lake moja lililobaki lilirudishwa na Ubelgiji kwa jamaa yake mwezi wa Juni 2022, na jeneza lililolibeba lilipitishwa Shilatembo. Ilipita miaka 61. Picha ya Tshibumba ilifanya kazi ya kaburi muda mrefu mbele ya hapo.

Nani alinunua, nani alibaki nazo

Hapa ndipo kuna jambo la kuumiza. Wakaaji wa Lubumbashi waliweza kununua picha moja, ao mbili. Historia yote, picha 101, iliweza kununuliwa tu na mugeni mwenye mushahara wa chuo kikuu. Wageni wengine nao walinunua, na kati yao mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki alikusanya picha nyingi za wachoraji wa Kongo. Bila wao, sehemu kubwa ya kazi hii ingekufa kwa mvua na mchwa. Lakini kila picha waliyookoa iliondoka inchini.

Hali ya muchoraji nayo ilizidi kuwa mbaya. Mwaka wa 1974 bei ya shaba ilianguka. Biashara zilizonyanganywa wageni na kupewa watu wa serikali zilianza kufungwa. Vita ilifika Shaba mwaka wa 1977, ikarudi Kolwezi mwaka wa 1978. Wakati mushahara hautoshi chakula, picha ndiyo kitu cha kwanza ambacho mutu anaacha kununua. Wachoraji wengi waliweka brashi chini. Tshibumba aliendelea kuchora na kutafuta wanunuzi mupaka habari zake zilipokatika, mwaka wa 1981. Alikuwa na miaka 34. Waliomujua walimutafuta, hawakumupata.

Zile picha 101 ziko leo Amsterdam, kwenye makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum mupaka mwaka wa 2023. Mwaka wa 1996 Fabian alizitoa katika kitabu, pamoja na maneno ya Tshibumba yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Picha zilizokusanywa na Jewsiewicki ziko Tervuren, Ubelgiji. Mwaka wa 2016, musanii Sammy Baloji, muzaliwa wa Lubumbashi, alisaidia kutengeneza maonyesho makubwa ya picha hizo huko Brussels. Baloji ni mumoja wa waliokuwa musingi wa Picha, shirika lililoanzisha maonyesho ya sanaa ya Lubumbashi mwaka wa 2008. Vijana wanaochora leo kwenye kuta za muji, hata wasipojua jina la Tshibumba, wanatembea kwenye njia aliyoipita yeye na wenzake kwa miguu.

Kinachobebwa wakati wa kukimbia

Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa tena Katanga. Maelfu walilala kwenye vituo vya reli huko Likasi na Kolwezi wakingojea treni. Wenye kukimbia wanabeba godoro, sufuria, kitambulisho, mutoto mugongoni. Picha inabaki ukutani, na nyumba inapata mwenyeji mwingine. Jamaa za Kivu na Ituri zinajua jambo hilo bila kufundishwa.

Lakini kazi ya Tshibumba ilikuwa na nusu mbili, na nusu moja haitundikwi ukutani. Kila picha kati ya zile 101 ilikuja na masimulizi yake, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, lugha ya sokoni na ya nyumbani. Masimulizi yale yalinaswa, yakaandikwa, na mutu anayejua Kiswahili anaweza kuyasoma leo pasipo mutafsiri. Masimulizi ya namna ile yanaweza kufanywa hata ndani ya hema. Mwenye aliona anasema mahali, mwaka na majina ya waliokuwepo, mutoto anauliza, na mwingine anayejua kuandika anaweka kwenye daftari.

Tshibumba alikuwa na miaka 26 alipoanza kufanya hivyo, na hakungoja mutu amupe ruhusa ya kuwa mwanahistoria.