Ulalo, Daraja na Hongo: Kulipia Kivuko kutoka Katwe hadi Nyali

Katika makala haya tunakusudia kuangalia jambo ambalo wengi wetu hulipita kila siku bila kulitazama, nalo ni kivuko. Atokaye Katwe kwa miguu kwenda katikati ya Kampala huvuka bonde la Nakivubo, ambalo mfereji wake hupeleka maji hadi Ziwa Viktoria. Je, mwenye kivuko ni nani, na anayevuka anadaiwa nini?

Zamani Katwe ilikuwa sehemu ya Kibuga, yaani makao makuu ya Kabaka, chini ya kilima cha Mengo. Nchi ya Buganda imejaa vinamasi, na barabara zake zilipita juu ya magogo ya mikindu na mafunjo yaliyolazwa majini. Waganda huita kivuko cha namna hii olutindo. Machifu ndio waliosimamia barabara, na wananchi walizitengeneza kwa kazi ya pamoja iitwayo bulungi bwansi, maana yake uzuri wa nchi. Kwa hiyo mvukaji alikwisha kulipa kwa jasho lake kabla hajaweka mguu juu ya gogo.

Kiswahili nacho kina neno lake la zamani, ulalo, yaani mti au miti iliyolazwa juu ya mto ili watu wapite. Daraja limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni kipandio cha ngazi. Ndiyo maana hata leo tunasema mwanafunzi amefaulu katika daraja la kwanza.

Pwani tunapata mfano wa kivuko chenye mwenyewe. Mwaka 1931 lilifunguliwa daraja la Nyali, kuunganisha kisiwa cha Mombasa na bara ya kaskazini. Lilikuwa daraja la kuelea, mali ya kampuni binafsi, na mwenye gari alilipa ushuru ndipo apite. Hapa njia ilikuwa biashara: aliyetoa mtaji alirudishiwa fedha zake na wapitao. Mwaka 1980 daraja jipya la zege lilichukua nafasi yake.

Lakini kulipia njia hakukuletwa na makampuni. Katika karne ya 19 misafara iliyopita Ugogo ilitoa nguo, shanga na nyaya kwa watemi, na malipo hayo yaliitwa hongo. Mtemi alikuwa na haki ya kudai, kwa kuwa wageni walipita katika nchi yake na kunywa maji ya visima vyake. Utawala wa kikoloni ulipowanyang'anya watemi haki hiyo, neno lilibaki bila uhalali wake. Kwa maoni yetu, hiyo ni sababu mojawapo iliyolifanya hongo leo limaanishe rushwa.

Jambo hili si dogo kwa walimu. Mwanafunzi anayesoma maisha ya Tippu Tip akilijua neno hongo kwa maana ya leo tu, atawahukumu watemi wa Ugogo kuwa wala rushwa, ilhali walikuwa wakitoza ushuru wa nchi yao. Kosa la msamiati hugeuka kuwa kosa la historia, na wanaoonewa hawapo tena kujitetea.

Leo malipo ya njia yamerudi. Daraja la Kigamboni jijini Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2016, lina tozo, na barabara ya kasi ya Kampala hadi Entebbe ilianza kulipiwa mwaka 2022. Hatusemi hongo, twasema tozo au ushuru. Tendo ni lile lile la kutoa fedha ili upite, ila jina hufuata haki ya anayepokea. Basi tunapofundisha maneno haya, tuanze kwa kuuliza: nani anapokea, na kwa haki gani?