Unajimu Mbele ya Hesabu

Kwa karne nyingi wanajimu walihesabu kwa kalamu na majedwali, na ubishi wao ukaishia katika imani. Mfaransa Michel Gauquelin alitaka uishie katika takwimu. Daftari za vizazi za Ufaransa huandika saa ya kuzaliwa. Humo ndimo alimochota. Mwaka 1955 alitangaza kuwa wanamichezo mashuhuri huzaliwa mara nyingi Mirihi inapokuwa imetoka tu kuchomoza au kufika kileleni. Buruji kumi na mbili, kwa upande wake, hazikupata ithibati. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya kamati ya Kifaransa iliyowapima wanamichezo 1,066, na athari hiyo haikuonekana.

Kisha kompyuta ikampa kila mpenzi wa fani hesabu hizo. Programu ya Swiss Ephemeris, iliyotolewa na Astrodienst ya Uswisi mwaka 1997, hukokotoa sayari kwa kutegemea kazi ya NASA. Lakini mashine haiulizi saa imetoka wapi. Mmarekani Lois Rodden, aliyefariki mwaka 2003, ndiye aliyeuliza: alizipa taarifa madaraja, kuanzia AA, ya hati ya kuzaliwa, hadi DD, ya vyanzo vinavyopingana. Hesabu ikiwa sahihi na saa ikawa ya uongo, jibu litakuwa uongo uliopimwa vizuri.