Kutohoa Mandhari ya Mchezo

Katika michezo ya kuigiza ya mezani, ile ambayo msimamizi husimulia na wachezaji huamua wahusika wao wafanye nini, kuna vitu viwili vinavyouzwa kwenye kitabu kimoja. Kuna ulimwengu: miji, koo, miungu, madeni na ugomvi wa watu wake. Kisha kuna kanuni: dadu zipi zirushwe, nani anaumia, nani anapata nguvu. Cha kwanza fasihi yetu imeshakipa jina, mandhari. Cha pili ni mfumo wa kanuni. Kuuchukua ulimwengu na kuuchezesha kwa kanuni ambazo hazikutungwa kwa ajili yake, hiyo naiita kutohoa mandhari.

Wengine husema kuhamisha. Neno hilo linanipa shaka, kwa sababu anayehama hutarajia kabati lifike vilevile lilivyotoka. Kutohoa tunakutumia kwa neno la kigeni linalokubali kuishi kwa sauti za Kiswahili, na mfano mzuri uko kwenye vijiwe vya Temeke na Kinondoni jijini Dar es Salaam, mkononi mwa wacheza karata. Turufu, shupaza, kopa, pau na uru vyote vimetoka kwa Wareno. Wahedi wa sitini nao ni ndugu wa mchezo wao wa bisca: pakiti nzima ina pointi 120, kwa hiyo mwenye 61 ameshinda, na hesabu hiyo ndiyo iliyoupa mchezo jina kwa Kiarabu. Tazama yaliyowapata wakubwa wa ikulu. Mfalme na malkia wamekuwa wazungu, wa nne na wa pili, wanaitwa kwa namba. Kanuni za pointi zimeimeza ikulu. Karata hizohizo zikichezwa mchezo mwingine, lastikadi, saba iliyokuwa na thamani ya pointi 10 haimpi tena mtu pointi hizo. Picha hazijabadilika, lakini uzito wake umebadilika.

Kwenye michezo ya mezani, ulimwengu uliotoholewa zaidi ya mara moja ni Glorantha, wa Mmarekani Greg Stafford. Ulitoka kwanza mwaka 1975 kama mchezo wa vita wa ubaoni, kisha mwaka 1978 ukapata kanuni za RuneQuest. Humo jeraha lina mahali pake: mkono, mguu au kichwa, na uchawi mdogo si wa wachawi peke yao, hata mkulima anaujua. Mwaka 2000 ukaja Hero Wars, ambamo upanga na maneno ya baraza huamuliwa kwa kanuni ileile ya mashindano. Miungu haikubadilika majina. Lakini mchezaji aliyekuwa akiuogopa mkuki sasa alikuwa na sababu ya kuogopa pia kushindwa hoja mbele ya ukoo wake. Huo ndio utohoaji wenye maana, maana kila mfumo huchagua kitu cha kuogopwa.

Sasa chukua Temeke yenyewe iwe mandhari. Dereva wa daladala ya Mbagala lazima apeleke hesabu kwa tajiri jioni, iwe abiria walikuwepo au hawakuwepo. Mama wa Tandika yuko kwenye upatu, anamngoja kijumbe, mkusanya michango, amtamkie zamu yake. Ukiwatia hawa kwenye Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, kanuni zitamlipa anayeua zimwi na kuokota hazina. Upatu utabaki pambo la simulizi, jambo ambalo msimamizi hulitaja kisha wote wakalisahau, na hapo Temeke imeshakufa hata kama majina ya vituo yote yametajwa sawasawa.

Mtohoaji aanze na uaminifu. Ampe kijumbe alama za kuaminiwa, zipungue kila zamu inapochelewa, na zikiisha asiwepo wa kumkabidhi mchango. Hesabu ya tajiri iwe saa inayokwenda: kila safari ya Kariakoo inakula muda na mafuta, na mchezaji achague kati ya kumsubiri mgonjwa apande na kuwahi foleni. Nguvu za mwili zikadiriwe baadaye, tena kwa ufupi. Mezani pakiwa na wachezaji waliokulia Mbagala, wataisahihisha orodha hii wenyewe, na masahihisho yao yaandikwe kwenye kanuni.